Pipa la Hao Shigen

Tong Ruolan alikuwa na kanuni moja kazini, nayo ilimkosanisha na nusu ya watengeneza mvinyo wa chini ya milima ya Helan. Hakuandika neno baya gazetini kuhusu mvinyo wa mtu kabla ya kumwambia mwenyewe uso kwa uso. Waonjaji wenzake wa Beijing huonja, hutema, huandika, hupanda ndege. Maneno yao humkuta mtu shambani kwenye simu, jembe mkononi, na hana wa kumjibu. Ruolan huja mlangoni. Wako waliomfungulia mbwa. Bibi mmoja alimmwagia viatuni mvinyo uleule uliokosolewa, Ruolan akamjibu kwamba viatu vile havikuwa vimemkosea mtu. Mwaka uliofuata bibi yule alimkaribisha chai.

Basi alikuja, kama kila mwaka, wiki ya kusafisha makaburi. Ndiyo wiki ya kufukua mizabibu pia. Huku kwetu mizabibu tunaizika. Baridi yetu haina adabu, mzabibu ukiachwa wazi unakauka mpaka mzizini, kwa hiyo kila vuli tunailaza chini tunaifunika udongo, na masika tunaitoa. Ukiwahi kuifukua, baridi ya mwisho inayaunguza macho yake ya kuchipulia. Ukichelewa, macho yanachipua humohumo gizani na kuoza. Siku za kufanya kazi hiyo ni chache, na watu wa mjini wanaotuuliza kwa nini tunalima zabibu mahali pa namna hii wanajibiwa kwa kumiminiwa glasi.

Uonjaji ulifanyika kwenye darasa la shule iliyofungwa. Wenye mashamba madogo walileta chupa mbili mbili, moja ya kuonja na moja ya akiba, zikaviringishwa kwa magazeti ili mwonjaji asijue ya nani ni ipi, zikapangwa mezani. Gu Tiezhu, jirani mwenye mashavu yaliyopigwa na upepo wa mchanga, ndiye aliyekuwa akimimina. Na yeye alikuwa na chupa yake pale mezani, na kila Ruolan alipoinua glasi, Gu alitazama dari.

"Huu?" Gu aliuliza.

"Pilipili hoho mbichi. Aliyezichuma alikuwa na haraka ya kwenda harusini."

"Na huu?"

"Mwaloni wa pipa mtupu. Kijana kavaa koti la baba yake, mikono haionekani." Akatema kwenye ndoo. "Mwambie apunguze pipa jipya. Zabibu zake ni nzuri, asizione haya."

"Na huu, Mwalimu?"

Ruolan aliuzungusha, akaunusa, akaunusa tena. "Huu ni wako, Gu."

"Umejuaje?"

"Umeacha kupumua. Ni mvinyo mzuri. Mwaka jana ulikuwa unajitahidi kunifurahisha, mwaka huu umeniacha na mambo yangu. Endelea hivyo hivyo."

Gu akacheka mpaka akamwaga. Watu waliokuwa wamesimama mlangoni wakamtania kwamba leo mkewe atalala na chupa, yeye alale na mbuzi. Kulikuwa na raha kidogo mle darasani, na Ruolan, ambaye hakuwa mtu wa raha, aliachia tabasamu.

Kisha akafika kwenye chupa iliyofuata.

Harufu ilimfikia kabla glasi haijafika puani. Siki, na juu ya siki ile harufu kali ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kwa desturi mvinyo wa aina hiyo hautiwi hata mdomoni, unaandikwa na kusukumwa pembeni. Lakini kulikuwa na kitu nyuma yake. Akautia mdomoni, akafumba macho, akautafuta. Plamu nyeusi, vumbi la changarawe baada ya mvua, na utulivu fulani ambao alikuwa akiujua vizuri. Alijisikia kama mtu aliyeingia nyumba iliyoungua akakuta ukuta mmoja umesimama.

"Huu umekufa," alisema. "Na ulikuwa mkubwa. Nani kauua?"

Hakuna aliyecheka. Gu aliweka chupa chini, akalifungua gazeti taratibu. Kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa palikuwa na maandishi ya mkono: Hao Shigen.

Ruolan alivuta kiti akakaa.

Hao Shigen alikuwa amekufa majira ya baridi ya mwaka wa juzi, miezi michache baada ya mavuno. Ini. Alikuwa mtu mfupi, mbishi, mwenye mzaha wa kukera, na kwa Ruolan alikuwa kaka kuliko kaka zake wa kuzaliwa. Zamani, Ruolan alipokuwa anaanza kazi hii na kila mtu anampamba kwa maneno matamu, Shigen alimkaribisha nyumbani akammiminia mvinyo mbovu makusudi na kukaa akimwangalia. Ruolan aliutema akamwambia ni matope. Shigen akapiga meza kwa furaha, akaenda kuleta ule mzuri. Tangu siku hiyo walitukanana kila masika, kwa mapenzi. Mwaka wa kufa kwake alikuwa tayari mgonjwa. Zabibu nyingi aliziuza akabakiza za kutengeneza pipa moja tu. Ndilo hili.

"Kauleta mkewe," Gu alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyewe, leo asubuhi, amechota pipani. Kaniambia niuweke katikati ya mingine, Mwalimu auonje bila kujua, asije akamhurumia."

"Fungua nyingine. Labda kosa ni la chupa."

Gu akafungua nyingine. Ilikuwa ileile.

"Mwalimu, kuna jambo lazima ulijue." Gu alisogea, akawapa kisogo watu wa mlangoni. "Mjane wake, Cuixia, hajafukua. Hata mstari mmoja. Binti yake wa Xi'an anamng'ang'ania ahamie kwake, na yeye kasema hivi: Mwalimu Tong akisema mvinyo wa Shigen uko hai, nafukua mizabibu na nitajifunza kazi ya ghalani. Akisema umekufa, naiacha ilale humo humo, nafunga mlango. Siku zimebaki mbili tatu. Jana nilichimbua kidogo pembeni nikatazama, macho yameshaanza kuvimba."

"Huo ni wazimu. Mizabibu ile ina umri wa binti yake."

"Mwambie wewe. Mimi nimesema mpaka mate yamekauka." Akamwangalia. "Sema tu uko hai. Neno moja. Utapungukiwa nini?"

"Usinifundishe kazi, Gu."

"Sikufundishi. Nakuomba."

Ruolan aliirudia meza. Alimaliza chupa zilizobaki mezani, maana wenyewe walikuwa wamesimama wakisubiri, na hakuna aliyemsikia akisema kitu cha kuchekesha tena. Kisha akachukua koti lake akatoka.

Njia ya kwenda kwa Hao hupita katikati ya mashamba. Kushoto na kulia watu walikuwa kazini, wanawake wamejifunga mitandio mpaka machoni kwa ajili ya mchanga, wakiinua mizabibu kwa mikono miwili na kuifunga kwenye waya. Shamba la Hao peke yake lilikuwa bado matuta. Ruolan alipita bila kulitazama sana. Alikuwa akitafuta la kusema, na lazima niseme ukweli, alikuwa akitafuta uongo. Mwanamke huyu ambaye hakuwahi kumficha mtu, ambaye aliwaambia matajiri wenye majumba ya mvinyo kama makasri kwamba wanauza rangi, alikuwa anatembea akipima uongo upi ni mdogo. Kusema uko hai hawezi, ulimi ungemkatalia. Lakini kama mvinyo umekufa si kwa kosa la mtu? Kama ni mbao? Mbao zinaweza kuwa mbaya. Pipa bovu linaua mvinyo mzuri, na hakuna wa kulaumiwa, na mjane anaweza kuambiwa: mumeo alikuwa bingwa, na wewe huna kosa, fukua mizabibu yako. Aliuona uongo ule umekaa vizuri. Akaubeba mpaka mlangoni.

Lu Cuixia alikuwa uani anakata tambi, kisu kinagonga ubao kwa haraka. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko alivyokuwa mumewe. Shigen alizoea kusema alimuoa ili amchumie zabibu za juu.

"Mwalimu, umekonda," alisema bila kuacha kukata. "Huko mjini Yinchuan hawakupi chakula?"

"Wananipa mvinyo."

"Kaa. Kuna mchuzi wa kondoo. Ule kwanza, ndiyo uniambie."

"Nikuambie kwanza, wifi."

Kisu kikasimama. Cuixia alijifuta unga mikononi, akakaa kwenye kigoda mkabala naye, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa na daktari.

"Haya. Sema."

"Mvinyo umeharibika." Ruolan alisema haraka. "Umekuwa siki. Lakini sikiliza, kosa ni la pipa. Mbao hazikuwa nzuri. Inatokea. Mvinyo wenyewe ulikuwa mkubwa, nimeuonja huko nyuma ya siki, na wewe hukukosea chochote."

Ruolan alisubiri machozi, na machozi hayakuja. Kilichokuja usoni mwa mwanamke yule kilikuwa hasira.

"Pipa lile alilichagua Shigen."

"Najua, lakini..."

"Hujui. Alikwenda mwenyewe kwa mtengeneza mapipa, anaumwa, hawezi kupanda gari bila kushikwa. Akatia kichwa ndani ya kila pipa akalinusa. Siku nzima! Mpaka yule fundi akamwuliza anachumbia au ananunua. Na wewe unaniambia alichagua mbao mbovu? Shigen? Pipa la mwisho la maisha yake?" Akasimama. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesema hana mfano kwenye mbao. Uliandika gazetini. Nilikisoma mimi kipande kile kwenye mazishi yake."

Ruolan aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuja kumkinga aliye hai, na alichofanya ni kumsukumia kosa aliyekufa, ambaye hawezi kufungua mdomo akajitetea. Na katika watu wote, Shigen.

"Nipeleke nikalione," alisema.

Ghala lilikuwa chini ya nyumba, ngazi fupi, kuta za mawe ya mtoni. Pipa lilikuwa peke yake. Pembeni yake palikuwa na mtungi mkubwa wa kioo, mtupu, umefutwa ukang'aa. Ruolan aling'oa kizibo, na siki ikampiga usoni. Akachovya kijiti taratibu mpaka kikagusa mvinyo, akakitoa. Sehemu kavu ilikuwa zaidi ya upana wa kiganja. Pipa linatakiwa lijae mpaka shingoni, kusiwe na nafasi ya hewa hata ya kuweka kidole.

Sasa alijua, na alitamani asingejua.

"Wifi, baada ya Shigen, nani alikuwa anajaziliza?"

"Hakuna."

"Yeye alikuwa anajaziliza kwa huo mtungi. Kila wiki. Mvinyo wa akiba uliokuwamo ulikwenda wapi?"

"Si mliunywa!" Cuixia alimshangaa. "Mazishini. Ungetaka niwape watu waliombeba bia? Wote walikunywa mvinyo wake. Hata wewe ulikunywa, bakuli mbili, ukalia, Kaka Gu akakushika."

Ruolan alikumbuka. Alikumbuka hata ladha yake.

"Na humu pipani umetoa?"

"Nimemtolea yeye." Alisema kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Kila siku ya saba, mpaka saba zote saba zikatimia, nilimpelekea bakuli kaburini. Baadaye kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu. Asingekunywa wa mtu mwingine, unamjua. Juzi tena, kwenye kusafisha makaburi. Nafungua, nachota, nafunga vizuri, napiga kizibo kwa nyundo kama alivyokuwa akipiga yeye."

"Na Gu hakukupa wa kujazilizia?"

"Alileta. Mtungi mzima. Nikamrudishia." Sauti ikapungua. "Nikasema, nikitia wa Gu humu hautakuwa wa Shigen tena. Nilitaka ubaki wake peke yake. Mimi pombe hainipendi, Mwalimu, mimi ni mtu wa shambani, ghala lilikuwa lake. Nilisikia ukali unaongezeka. Nikadhani ndiyo kukomaa kwenyewe."

Alikuwa amemaliza kusema ndipo akaelewa. Ruolan aliona jambo likimfikia. Cuixia alitazama pipa, akatazama mtungi mtupu, akatazama mkono wake wa kulia.

"Ni mimi," alisema.

Hapo ndipo Ruolan angeweza kuurudia uongo wake, au kutafuta mwingine. Hakufanya hivyo. Alikuwa ameshaona uongo unavyomfanyia mtu.

"Ni hewa," alisema. "Kila bakuli uliyochota, hewa ilichukua nafasi yake. Ndiyo, wifi. Ni wewe."

Cuixia alikaa kwenye ngazi. Alilia sasa, kwa sauti, mdomo wazi, kama ambavyo hakulia mazishini, na Ruolan alikaa ngazi ya chini yake akamshika kifundo cha mguu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Na yeye alikuwa analia. Alimwonea uchungu mwanamke huyu aliyempenda mtu mpaka akamharibia, na alijikasirikia yeye mwenyewe na bakuli zake mbili.

Walikaa hivyo mpaka huko juu mchuzi ukaanza kuungua na harufu ikawafikia. Hakuna aliyeinuka.

"Zile bakuli za mwanzo," Cuixia alisema hatimaye, anajifuta kwa aproni. "Za zile saba saba. Zilikuwa zimeharibika tayari?"

"Hapana."

"Una hakika au unanihurumia?"

"Mvinyo hauozi kwa wiki saba. Wakati ule ulikuwa mzima kabisa. Na si mzima tu, ulikuwa bora kuliko wote aliowahi kutengeneza. Nimeuonja leo nyuma ya siki, nikajua kabla sijaona jina. Huruma sina mimi, muulize yeyote kuanzia hapa mpaka mtoni."

Cuixia alivuta pumzi ndefu. "Basi mzuri kaunywa mwenyewe," alisema. "Sisi katuachia siki. Ndivyo alivyo." Akacheka kidogo, akalia tena kidogo, akanyamaza.

Ruolan alifunga pipa kwa kizibo chake. Lilibaki lile ambalo hakuwa amelisema bado, nalo Cuixia ndiye aliyelisema.

"Gazetini utaandika?"

"Lazima. Nimeuonja mbele ya watu. Nikiuruka watajua nimependelea, na mwaka ujao hakuna atakayeniamini nikisema wake ni mzuri."

"Utaandika jina la nani?"

"La Hao Shigen. Ndilo lililo kwenye chupa."

"Futa."

"Wifi..."

"Futa, nimesema. Shigen hakuwahi kutengeneza siki maishani mwake. Aliacha mvinyo humu, akauacha mzima, wewe mwenyewe umesema. Kilichomo sasa hivi kimetengenezwa na mimi." Alikuwa amesimama, na mle ghalani kichwa chake kilikaribia kugusa dari. "Andika Lu Cuixia."

"Unajua unachoniomba? Kitasomwa Beijing, kitasomwa Shanghai. Jina lako halijawahi kutoka popote. Mara ya kwanza kutoka, pembeni yake litakuwa neno siki. Mtu hulibeba jambo kama hilo miaka."

"Nitalibeba."

"Na mimi siwezi kulilainisha."

"Nani kakwambia ulilainishe? Ungemwandikia yeye kwa ukali, si ungemwandikia? Niandikie mimi vilevile."

Ruolan alikunjua karatasi yake ya uonjaji. Kisha akatoa kalamu, akafuta, akaandika jina la Lu Cuixia akiwa ameegemeza karatasi juu ya pipa, na chini yake akaandika alichokionja, bila kupunguza. Akamsomea. Cuixia alisikiliza mpaka mwisho, midomo imebanwa.

"Hapo pa 'uzembe wa ghalani'," alisema.

"Nipatoe?"

"Paache." Akaanza kupanda ngazi. Alipofika juu, Ruolan alimsikia akiiondoa sufuria motoni, kisha akimpigia simu Gu Tiezhu kwa ile sauti ya juu ya watu wa shambani, akimwambia aje sasa hivi na watu wake wote na majembe ya kufukulia mizabibu, tambi zipo ingawa mchuzi umeungua. Gu aliuliza kitu. "Amesema umekufa," Cuixia alimjibu. "Nimeuua mimi. Njoo unifundishe kujaziliza."